Ng'ombe wa Mzee Shigela

Nilistaafu mwezi uliopita. Kwenye hafla ya kuniaga, iliyofanyika katika ukumbi mdogo nyuma ya stesheni, vijana wa idara ya njia waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, kabla sijaondoka nayo yote kichwani. Waliomba kwa adabu, kila mmoja na soda yake mkononi, nami nikakubali. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Anayezitaka awaulize wale waliovipata vyeo hivyo, wapo wengi na wanapenda kuulizwa.

Watu walipokuwa wanarudisha viti, binti mmoja mwenye kofia ngumu ya njano alinifuata mlangoni. Alijitambulisha kuwa ni Mhandisi Nyamizi, yuko kwenye kambi ya ujenzi wa reli mpya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mjukuu wa Mzee Shigela, yule mnyapara wa gengi. Nasikia ndiye aliyekufundisha kazi."

Nikamwambia ni kweli.

"Kwetu wanasema babu alifukuzwa reli kwa sababu ya ng'ombe. Eti aliacha kazi akaenda kuchunga. Mpaka leo mtu akizembea kidogo tu nyumbani anaambiwa, 'Umeanza ng'ombe za babu.' Baba yangu huwa hacheki. Ni kweli hiyo habari?"

Nilimwambia jibu lake ni refu na nitamwandikia. Kisha nikaondoka kwa haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Kwa hiyo haya ni maandishi ya vijana wote wa idara, lakini yeye ndiye anayeyadai. Nitafika kwenye swali lake. Ila mtu wa njia hafiki daraja la tano kabla ya la nne, na miaka yote nimefanya kazi hivyo.

Mimi ni Mkerewe. Nilikuja bara nikiwa na miaka ishirini na moja, sijawahi kugusa reli kwa mkono. Nilipangiwa gengi moja, yaani kikosi cha watunza njia, upande wa Kwimba, kusini mwa Mwanza, nyumba sita za bati zilizopangwa kando ya njia, pipa la maji, na kibanda chenye simu ya kukoroga. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya ngozi nilivyoazima kwa shemeji. Mzee Shigela alikuwa amekaa juu ya pipa lililolazwa, ananoa sururu. Aliviangalia vile viatu kwa muda.

"Wewe ndiye mtu wa kisiwani?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hivyo viatu mrudishie mwenyewe. Hapa hatuendi harusini. Na hii siyo mtumbwi, ukiiacha haielei."

Wenzangu, Wasukuma karibu wote, walicheka kwa lugha yao. Kwa mwaka mzima niliitwa Mtumbwi. Nilizoea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Reli zetu za zamani zimelala juu ya mataruma ya chuma, na kila taruma limeishika reli kwa kabari zinazopigwa kwa nyundo. Treni ikipita, kabari zinalegea. Joto likipanda, reli inarefuka na kutafuta pa kwenda. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unavimba chini ya kokoto na kuinua njia yote. Kwa maneno mengine, reli haitaki kukaa pale ilipowekwa, na gengi zima limeajiriwa kubishana nayo. Mzee Shigela alinipa nyundo yenye mpini mrefu, akanitembeza hatua mia moja, akigonga kabari moja moja. Iliyokaza inalia. Iliyolegea inakohoa. Jioni ile nilikuwa nimejua tofauti, na nimeishi kwa tofauti hiyo zaidi ya miaka thelathini na tano.

Kingine alichonionyesha siku hiyo ni maandishi. Ubavuni mwa reli za zamani kuna herufi zilizotokeza, zilizopigwa kiwandani chuma kikiwa bado cha moto. Mzee Shigela hakuwa msomaji wa herufi, ila kila reli aliijua kwa umbo la maandishi yake kama mtu anavyojua alama za mifugo. Alinikalisha chini nimsomee. Lilikuwa jina la mji wa Uskoti, pamoja na mwaka ambao babu yangu alikuwa hajaoa.

"Niliambiwa na Mzungu mmoja aliyenifundisha kazi," alisema. "Kwao huko reli ilitandikwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Mgodi ukichimbwa, reli inafuata. Hapa ilifuata pamba. Chuma ni kilekile, sisi tunakigonga tu."

Nilifikiri anapoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananieleza kazi nzima. Reli haikujengwa kwa sababu watu walitaka kusafiri. Ilijengwa kwa sababu kulikuwa na kitu kizito mahali fulani na meli mahali pengine. Kwetu, pamba ilitoka kwenye vinu vya Usukumani, na vinu vingine vilikuwa na vijinjia vyao vya reli vinavyoingia hadi mlangoni. Kwenye bandari ya Mwanza Kusini mabehewa yaliingizwa mazimamazima kwenye meli, meli ikayavusha ziwa hadi nchi za jirani, yakaendelea na reli nyingine upande wa pili. Mara ya kwanza kuona treni inaingia majini nilijihisi nimelipiza kisasi kidogo. Nilimwambia Mzee Shigela, kumbe mtumbwi nao una kazi. Hakucheka, ila toka siku ile aliacha kuniita hivyo.

Sasa nieleze bamba, maana vijana wa siku hizi hawalijui.

Kila asubuhi mtu mmoja wa gengi aliikagua njia kwa miguu, kutoka kambini hadi mwisho wa eneo letu. Mwisho huo ulikuwa na nguzo ya mpaka, na kutoka hapo linaanza eneo la gengi jirani. Mkaguzi wa gengi jirani naye alitembea kuja kwenye nguzo hiyohiyo. Kila mmoja alikuwa na bamba la shaba lenye namba ya gengi lake, ukubwa wa kisahani cha chai. Pale nguzoni mnabadilishana. Wewe unarudi na bamba lake, yeye anarudi na lako. Mnyapara akiona bamba la kigeni mkononi mwako anajua umefika mpaka, na mwenzako kafika, kwa hiyo hakuna hata hatua moja ya njia ambayo haikuonwa na jicho la mtu. Hapo anakoroga simu na kuiambia stesheni kwamba njia ni salama. Aliyebuni utaratibu ule alikuwa na akili. Alichosahau ni kwamba nguzo yetu ilikuwa katikati ya mbuga, haina mti hata mmoja, na mmoja wenu lazima afike kabla ya mwenzake na kusubiri.

Mkaguzi wa gengi jirani aliitwa Makoye. Alikuwa rika langu, mchangamfu, mwenye hadithi. Tulisubiriana pale kwenye jua la Oktoba, kisha kwenye mvua za Novemba, mara mimi saa nzima, mara yeye. Siku moja alikuja na wazo.

"Magesa, kwani sheria inataka nini? Inataka bamba lako nirudi nalo mimi, langu urudi nalo wewe. Haijasema tukaangwe."

Barabara ya kijijini ilipita sambamba na reli pale, mwendo mfupi tu kutoka njiani, na kando yake mama mmoja, Mama Kabula, alikuwa anauza chai na viazi vya kuchemsha chini ya paa la nyasi. Mimi ningeacha reli nusu kilomita kabla ya nguzo, palipo na mkwaju, nifuate kijia hadi kwake. Makoye angeacha reli nusu kilomita upande wake, afuate kijia chake. Tungekutana kwenye chai, tubadilishane bamba tukiwa tumekaa. Katikati, kipande cha karibu kilomita moja, kingebaki hakijapitwa. Kilikuwa kipande kizuri, kimenyooka, hakina tatizo. Kilikuwa pia na kalvati moja upande wa Makoye, linalopitisha kijito ambacho kwa miezi tisa ya mwaka huwezi kujaza nacho kikombe.

Tulianza siku moja ya mvua. Ikawa siku mbili. Baada ya mwezi hatukusubiriana tena hata kwenye chai. Kila gengi lilikuwa na bamba la akiba; tuliyaacha hayo kwa Mama Kabula, ndani ya kopo la majani ya chai, na kila aliyefika alitia lake humo na kuchukua la mwenzake. Kwa hiyo kwa miezi kama minne kipande kile cha reli kilikaguliwa na Mama Kabula, akiwa amekaa, amekipa mgongo. Sikuona aibu. Niliona tumekuwa wajanja, na Mzee Shigela akipokea bamba kila asubuhi bila neno nilimwonea hata huruma, kwamba uzee umemfika.

Jambo moja tu nililigundua bila kulielewa. Wakati huo Mzee Shigela alianza tabia ya kuondoka na baiskeli yake kila asubuhi baada ya kupiga simu. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na baiskeli ilikuwa na pedali moja nzima. Alikuwa anarudi baada ya saa moja na nusu, anachechemea, suruali ina matope. Tukimuuliza anasema ameenda kuchimba dawa. Tulikubaliana kwamba mzee ana tumbo baya na hataki kulisema.

Mvua kubwa ilikuja mwezi Machi. Ilinyesha kuanzia alasiri hadi alfajiri. Nilipotoka kambini bamba mkononi, mbuga pande zote mbili ilikuwa inameta maji. Nilitembea vizuri, nikigonga kabari, nikiangalia tuta. Nilipofika kwenye mkwaju nilisimama. Naandika ukweli: nilisimama. Nilitazama mbele, nikaona reli imenyooka kama kawaida hadi kwenye nguzo, na mvua ya manyunyu inaendelea. Kisha nikashuka kwenda kwa Mama Kabula. Makoye alikuwa ameshatia bamba lake ndani ya kopo.

"Mwenzio kapita na kukimbia," alisema Mama Kabula. "Kasema leo hakukaliki. Chai?"

Nilikunywa chai.

Nilipofika kambini Mzee Shigela alilipokea bamba, akaligeuza, akalifuta kwa kidole. Lilikuwa na vumbi la majani ya chai kwenye herufi. Halafu akauliza swali ambalo hakuwa ameniuliza hata mara moja kwa miezi minne.

"Pale kwenye nguzo, ukitazama mbele unaliona kalvati la jirani. Maji yamefika wapi?"

Pembeni mwa kalvati lile kulikuwa na jiwe jeupe ambalo magengi yote mawili yalilitumia kupimia maji.

"Yako chini ya jiwe, mzee," nikajibu.

Aliniangalia. Sikuangalia pembeni, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka, kwamba nilikuwa mwongo mzuri. Akaingia kibandani, akakoroga simu, akaiambia stesheni njia ni salama. Akatoka, akachukua baiskeli. Siku hiyo alichukua pia bendera nyekundu na kopo la fataki, zile zinazofungwa juu ya reli ili zilipuke gurudumu likizikanyaga na dereva ajue kuna hatari. Mtu haendi kuchimba dawa na fataki. Niliona, nikanyamaza.

Hapo Mzee Shigela naye alikosea, na sitamficha kwa kuwa nampenda. Angeweza kuikoroga simu akasema treni isimame. Ila angeulizwa kwa nini, na jibu lingekuwa ni mimi na Makoye. Aliamua kushindana na treni ya mizigo akiwa na goti moja na pedali moja. Ilikuwa imebeba mafuta, inatoka Tabora kuja Mwanza, na ilikuwa bado stesheni mbili kutufikia. Nimefanya hesabu ya mwendo ule mara nyingi. Angechelewa dakika chache tu, watu wangekufa.

Aliwahi. Alikuta kijito kimekuwa mto, kimelifagia kalvati pamoja na kokoto na tuta, na reli zinaning'inia hewani na mataruma yake. Treni ilikuwa inatoka upande wa pili. Bendera upande wetu isingesaidia kitu, na maji yalikuwa hayavukiki. Alivuka kwa kutambaa juu ya reli zinazoning'inia, kopo la fataki amelitia kifuani ndani ya shati. Haya sikuyaona. Nilisimuliwa na dereva wa treni ile, ambaye alisimamisha injini akiwa anamwona mzee amekaa katikati ya njia, bendera begani, hawezi tena kusimama. Dereva alishuka akamuuliza, "Mzee, umevukaje?" Akajibiwa, "Taratibu."

Hakufa mtu. Njia ilifungwa kwa siku kadhaa. Na baada ya wiki mbili kukaundwa baraza la uchunguzi, watu watatu wenye mafaili, waliokaa ndani ya behewa lililoegeshwa stesheni.

Sisi tuliohitajika tulikaa nje kwenye benchi, lakini madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kila neno lilisikika. Mimi nilitangulia. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Asubuhi ile ulifika kwenye nguzo ya mpaka na kubadilishana bamba na mwenzako?"

"Ndiyo, mzee."

"Hapo nguzoni, uliona kalvati liko salama?"

"Ndiyo, mzee."

Makoye aliulizwa hayohayo, akajibu hayohayo, na akaongeza kwamba alilikagua kalvati kwa mikono yake. Mabamba yalikuwa mezani kama ushahidi. Kwa hiyo ilikubalika kwamba kalvati lilivunjika baada ya sisi kupita, kwa kazi ya Mungu. Kilichobaki ni kitu kimoja kisichoeleweka, na mwenyekiti alikiuliza kwa upole uleule.

"Bwana Shigela, wewe ulishatoa taarifa kwamba njia ni salama. Kama ulikuwa na wasiwasi, kwa nini uliitoa? Kama hukuwa nao, ulifuata nini ng'ambo ya mpaka wako, saa za kazi, na fataki mkononi?"

Nilikuwa nje, nimeshika ukingo wa benchi. Nilijua jibu. Sasa nilikuwa nimeuelewa ule ugonjwa wa tumbo, kila asubuhi, miezi minne. Alijua tangu wiki ya kwanza. Kile kipande tulichokiruka alikuwa anakwenda kukitembea mwenyewe.

"Nilikwenda kuangalia ng'ombe wangu," alisema Mzee Shigela. "Wanapenda malisho ya kule. Mvua ilikuwa kubwa. Fataki huwa natembea nazo."

Mmoja wa wale watu watatu alicheka. Mwenyekiti aliandika. Nakumbuka alisema, "Basi tuwashukuru ng'ombe," na hakuwa anadhihaki, alimaanisha.

Watu wote wa gengi waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Tulijua sote kwamba Mzee Shigela hana hata ndama. Ng'ombe wake wote aliwatoa mahari ya mwanawe wa kwanza, mwaka uliotangulia, na tulikula ubwabwa wa harusi hiyo. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa karibu na mlango kuliko wote.

Hukumu ilikuja kwa barua. Kwa kuwa ameokoa treni, hakushtakiwa. Kwa kuwa aliacha kituo cha kazi kwa shughuli zake binafsi, aliachishwa kazi, imebaki miaka mitatu astaafu. Alikabidhi nyundo, sururu na bendera, akabeba pipa lake la kukalia kwenye mkokoteni, akaenda kwao. Usukumani mtu kuachishwa kazi kwa sababu ya ng'ombe ni jambo la kuchekesha kidogo na halihitaji maelezo, kwa hiyo lilienea upesi, likakaa.

Nilikwenda kwake baada ya mavuno, na sukari kilo mbili. Nilimkuta anapura mtama. Nilimwamkia, nikakaa kwenye lile pipa. Yeye ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Umekuja kuniambia utaenda kwa wakubwa kusema."

"Ndiyo, mzee."

"Usiende. Watakufukuza, wewe na yule mwenzio. Wataleta wengine. Nao watakuwa na miguu na watapenda chai. Baada ya mwaka watampata Mama Kabula wao." Alipepeta mtama kidogo. "Wewe kile kipande hutakiruka tena. Sasa nifukuze mtu niliyemgharamia namna hiyo?"

"Lakini watu wanasema—"

"Watu waseme. Mimi najua nilikokuwa."

Nilirudi kambini nikiwa nimefarijika, na ndilo kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza. Alikuwa amenipa ruhusa ya kunyamaza, nami niliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa likizo. Sikujiuliza kama wanawe nao wametoa ruhusa. Alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda mazishini. Mzee mmoja alisimama kumwelezea marehemu, akataja ng'ombe, watu wakacheka kwa upendo katikati ya kilio. Kijana wake mkubwa, ambaye mahari yake ndiyo iliyowamaliza ng'ombe wenyewe, hakucheka. Nadhani ndiye baba yako, Nyamizi. Alikuwa amesimama karibu nami kama muuza duka anayenipimia sukari, ningeweza kumgusa bega. Sikumgusa.

Makoye aliacha reli mapema, akaingia biashara ya dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Tulikutana mara nyingi. Tulizungumzia bei ya dagaa. Naye sasa ni marehemu, na nimemwandika hapa kwa haki ileile ninayojiandika mwenyewe.

Miaka iliyofuata ina mambo mengi, nitapita upesi. Nilipewa kukagua njia kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha injini kinachotembea relini, na eneo langu likawa refu. Niliona kijinjia cha kinu kimoja kikiota majani, kisha cha pili, malori yalipochukua pamba. Reli zake ziling'olewa. Kuna nyumba nzuri tu Buzuruga, Mwanza mjini, ambayo nguzo za baraza lake ni reli za Uskoti, herufi zinasomeka, na mwenye nyumba amezipaka rangi ya bluu.

Mgeni mmoja mzee kutoka Uskoti alitutembelea kwa hamu yake mwenyewe, anapiga picha herufi hizo. Alitueleza kwamba kwao migodi ya makaa ilifungwa, na reli zote zilizoihudumia zikaondolewa. Sasa watu wanafanya mazoezi ya kukimbia juu ya tuta, na wengi hawajui kwa nini pale pamenyooka hivyo. Aliupapasa ubavu wa reli kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Akauliza kupitia mkalimani, nani anayekagua njia hii? Nikasema ni mimi. Akauliza kama natembea yote kwa miguu. Nikasema hapana, kilomita moja tu.

Hiyo ilikuwa kweli. Tangu baraza lile, kila nilipofika pale kwenye mkwaju nilisimamisha kiberenge, nikashuka, nikatembea kwa miguu hadi kwenye nguzo, kisha nusu kilomita zaidi kupita kalvati jipya, nyundo mkononi, kiberenge kinanifuata nyuma. Mvua, jua, hata siku niliyokuwa na malaria. Madereva wangu walikipa kipande kile jina la kilomita ya Magesa. Mmoja alidhani nimezika ndugu hapo. Mwingine aliamini ni ushauri wa daktari. Mama Kabula aliendelea kuuza chai kwa miaka mingi na sikukanyaga tena kwake, naye alidhani nina deni nisilotaka kulilipa. Hakukosea sana.

Vijana, mmeniomba mafundisho. Kabari iliyolegea inakohoa. Viatu vya ngozi viacheni nyumbani. Mashine zenu mpya zinaona ufa ndani ya chuma, na mimi nimeziona zikifanya kazi na nimezivulia kofia. Lakini kila utaratibu wa ukaguzi unaacha alama fulani kwamba kazi imefanyika, zamani bamba, leo tiki kwenye kishikwambi, na siku zote kuna mahali penye kivuli na chai ambapo alama hiyo inaweza kupatikana bila kazi. Mtapajua mkipaona. Sina zaidi ya hilo, na nililinunua kwa fedha ya mtu mwingine.

Nyamizi, njia yenu mpya inapita karibu kabisa na pale. Nilikwenda juzi kwa miguu yangu ya uzeeni. Mkwaju umekatwa, nguzo ya mpaka bado ipo, imeinama. Nimeandika karatasi hizi nakala mbili. Moja ni ya idara, na nimemwomba mkuu aitie kwenye faili la uchunguzi ule kama bado lipo. Nyingine ni ya baba yako. Naomba umsomee mwenyewe, mbele ya wale wanaocheka, na pamoja nayo umpe bamba la gengi letu, ambalo nilipaswa kulirudisha ghala na sikulirudisha.

Baraza liliniuliza maswali mawili. Je, nilifika kwenye nguzo? Nilisema ndiyo. Jibu ni hapana. Je, niliona kalvati liko salama? Nilisema ndiyo. Jibu ni hapana.

Na wewe umeniuliza la tatu. Babu yako hakuwa na ng'ombe.